Ini la Aliyeona Kwanza

Tulipotoka makaburini tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kule Tumba, nje ya Stockholm, hatua chache kutoka stesheni, watu wakiwa bado na theluji kwenye viatu na masufuria ya wali yakishushwa kutoka kwenye magari. Tulikuwa tumemzika Mama Faida. Nilikaa karibu na dirisha kama mgeni, na kwa kweli nilikuwa mgeni, maana kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimemtembelea mara tatu tu. Bintiye Faida, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto wawili wanaojibu kila kitu kwa Kiswidi, alikuja akaketi kando yangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na fotokopi moja, imegeuka rangi ya chai na ina madoa ya mafuta pembeni: mchoro wa penseli wa simba. Akaniambia mama yake aliibandika kwenye ukuta wa jikoni miaka yote hiyo, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa habari ya Mghoi, yule msichana wa Kenya aliyekuwa mpangaji wao, yaani mimi. "Baada ya chakula tunaomba useme maneno mawili, dada," akasema. "Wewe ndiye uliyegundua kwamba huyu simba amekufa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, mama alikupa ini." Nikamwambia sawa. Akaenda kuwahudumia wageni, na mimi nikabaki na ile karatasi mapajani. Fotokopi ilikuwa yangu kweli. Ini nililila kweli. Hayo mengine hayakuwa kweli, na nilikuwa na muda wa watu kumaliza kula kuamua kama nitayarudia mbele ya watu waliotoka kumzika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasoma shahada ya pili ya historia ya sanaa, enzi ambazo vyuo vya Uswidi vilikuwa bado havitutozi ada sisi tuliotoka nje ya Ulaya. Nilipanga chumba kwa Mama Faida, ghorofa ya nne, Tensta, kitongoji cha Stockholm. Kilikuwa chumba chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ukuta mmoja ulikuwa wa jikoni, kwa hiyo nilisikia kila neno lililosemwa kule. Mama Faida alitoka kwenye milima ya misitu nyuma ya Fizi, mashariki mwa Kongo, na alipopiga simu nyumbani alipaza sauti kana kwamba bila hivyo maneno yasingevuka bahari. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alirudi saa kumi jioni akinuka sabuni, anavua viatu mlangoni, anauliza kwa sauti kama kuna mtu aliyekumbuka kuloweka ndakala, dagaa wakavu wa kwao. Faida alikuwa na miaka minane wakati huo. Tulikula watatu, sombe, ambayo sisi huiita kisamvu, na ndakala na bugali, naye hakuacha kunichokoza kuhusu ugali wangu wa Kikenya, ambao alisema ungefaa kujengea kanisa. Mimi nilimjibu kwamba wake ungefaa kunywewa kwa mrija. Sijawahi kucheka tena mezani kama nilivyocheka pale, na hilo nalisema nikijua ninachokwenda kusimulia.

Tasnifu yangu ilihusu karatasi nne. Zilichorwa kwa penseli na mchoraji mmoja Mfaransa wa karne ya kumi na tisa, wa ule mkondo ambao wahadhiri wetu huuita ulimbwende: watu waliopenda dhoruba, farasi waliotoa macho, na damu nyingi kwenye turubai. Huyu alikuwa amechora picha kubwa ya rangi ya mawindo ya simba, na hizi nne zilikuwa michoro yake ya awali, aliyoichora kutafuta jinsi ya kumweka mnyama na watu. Zilihifadhiwa katika makumbusho moja mjini Stockholm, kwenye chumba kidogo chenye madirisha yanayotazama kaskazini, ambako unanawa mikono mlangoni, unaacha kalamu ya wino kwenye kabati, unaingia na penseli tu. Nilikwenda Jumanne na Alhamisi. Karatasi maarufu kati ya zile nne ilikuwa ya simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mikono ya mbele imening'inia hewani, kinywa wazi. Vitabu vyote vilisema anaruka kumvamia mwindaji. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja kuhusu mruko ule, kuhusu hasira na uhuru na mengine ya aina hiyo, na hata nilipokuwa nikiyaandika nilihisi kuna kitu hakikai sawa, ila sikujua ni kitu gani.

Aliyenisimamia alikuwa mtunzaji wa chumba kile cha michoro. Jina lake nitasema ni Birgitta. Alikuwa na nywele za mvi zilizokatwa fupi, viatu vya bapa, na sauti ya chini ambayo ilikufanya uiname kumsikiliza. Siku ya kwanza nilimwita Daktari, akacheka, akaniambia hapa hatuitani hivyo, niite Birgitta. Nataka nieleze kosa langu vizuri, maana ndilo lililonigharimu. Kwetu Utaita, mtu wa umri wa mama yako akikuruhusu kumwita kwa jina lake tupu, amekutoa barazani na kukuingiza ndani. Nilirudi Tensta nikitembea kwa maringo. Sikujua kwamba Mswidi humwita hata waziri wake kwa jina la kwanza, na kwamba jina lile halikuwa limenifungulia mlango wowote. Yeye pia ndiye aliyenidokezea kwamba maonyesho yakifunguliwa mwezi wa Mei, chumba cha michoro kitahitaji msaidizi. Kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha Agosti. Kazi ile ingenipa kibali kingine, na pia ingenipa kitu nilichokitamani kuliko kibali, nacho ni kuamka asubuhi nikaenda kushika karatasi zile kama mtu mwenye haki ya kuzishika.

Jioni moja ya Februari nilitandaza fotokopi zangu kwenye meza ya jikoni. Mama Faida alikuwa anachambua sombe. Akaja, mikono ya kijani, akasimama nyuma yangu. Aliuliza ni kazi gani hii, nikamweleza: mawindo, simba, huyu anaruka. Akatazama kwa muda. Kisha akaikamata karatasi kwa pembe, kwa ncha za vidole viwili ili asiichafue, akaigeuza ubavu.

"Huyu nyama alishakufa," akasema.

Nilicheka. Nikamuuliza kama amewahi kumwona simba. Akasema simba hajamwona, Mungu alimwepusha, lakini tumbo ni tumbo. Akanionyesha kwa kidole kilichojaa majani. Mnyama mzima hubeba tumbo lake mwenyewe, aliyekufa tumbo lake linabebwa na ardhi, na hili tumbo limemwagika upande mmoja. Tazama mkono wa mbele, umekunjika kwenye kiungo kama kitambaa kilichoanikwa. Tazama ulimi unavyoangukia pembe ya kinywa. Huyu amelazwa ubavu mahali, mtu akamchora, halafu mtu mwingine akaisimamisha karatasi. Alijua kwa sababu kwao waliwinda kwa nyavu, wanaume wakisimama kwenye wavu na mikuki, wanawake na wasichana wakipita msituni kwa kelele kuwafukuza wanyama, na mnyama akishauawa wanawake ndio waliomgeuza, kumpasua na kumbeba. Alikuwa amegeuza swala na nguruwe wa porini kabla hajaota matiti. Kisha akaivuta karatasi ya tatu, ile yenye wawindaji watano, akaguna. Akasema aliyechora hapa hajasimama kwenye wavu hata siku moja. Wote wanamtazama simba. "Kwenye mawindo unamuangalia mwenzako," akasema. "Nyama hana mukuki."

Jioni ile alikuwa na furaha ya kuzungumza kuliko kawaida, akatusimulia mimi na Faida jinsi walivyogawana. Mwenye wavu ana sehemu yake, mwenye mbwa ana shingo, na ini ni la aliyemwona mnyama kwanza, hata akiwa mtoto, hata kama hakurusha kitu. Faida akauliza, kwa Kiswidi, je mtu akidanganya kwamba ndiye aliyeona? Mama yake alimtuma chumbani akalete daftari la shule, na alipotoka akanijibu mimi. Mwongo hapigwi wala hatukanwi. Anapewa ini. Anakaa katikati analila lote, na watu wote wanaojua wanatazama sahani zao. Faida aliporudi na daftari, tulikuwa tumehamia kwenye habari nyingine.

Alhamisi niliingia chumba cha michoro. Nikaomba ile karatasi, nikaigeuza ubavu kwenye kibao cha kusomea, nikaishika lenzi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kivuli tulichokiita mti kilikuwa kivuli cha mwili juu ya sakafu. Mstari tuliouita mkuki ulikuwa ukingo wa ubao aliolazwa, labda kwenye bustani ya wanyama ya mfalme, au kwa mchuna ngozi. Yule mchoraji wa dhoruba na damu alikuwa amekaa kwa utulivu mbele ya mzoga, akachora, na baadaye akaisimamisha maiti ili ionekane inaruka. Nilijisikia kama nimemshika mtu kwenye uongo wa karibu miaka mia mbili.

Saa tisa ilikuwa wakati wa kahawa, ambayo Waswidi huiita fika na kuishika kuliko sala. Tuliketi wawili kwenye chumba cha wafanyakazi, na maandazi ya mdalasini. Nilimwambia yote, tumbo, kiungo cha mkono, ulimi, ubao. Birgitta aliweka kikombe chini. Akaniuliza nimeyasoma wapi. Nikasema sijayasoma popote. Akauliza, basi ni nani amekuambia? Wakati ule niliona mikono ya kijani ya Mama Faida, nikaona tanbihi katika tasnifu yangu ikisema kwamba chanzo ni mfua mashuka wa Tensta, nikaona wanafunzi wenzangu wakiisoma. "Nimeona mwenyewe," nikasema. Nilijiambia kwamba ni nusu ya kweli, kwa kuwa niliyeiona kwenye karatasi halisi ni mimi. Birgitta akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla. Tukarudi pamoja chumbani, akaigeuza mwenyewe, akaiinamia na lenzi. Kisha akanishauri nisiliandike jambo hili kwanza kwenye tasnifu, mpaka alihakikishe kwa wenzake wa Ufaransa. Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Alikuwa Birgitta.

Miezi ile ya Machi na Aprili ndiyo niliyoishi vizuri zaidi katika ujana wangu. Nilikuwa na siri nzuri na mtu mkubwa wa kuitunza pamoja naye. Mama Faida aliniuliza mara mbili wale watu wa makumbusho wamesema nini kuhusu yule nyama. Mara ya kwanza nilimjibu bado wanachunguza. Mara ya pili nilisema wamefurahi sana, nikabadilisha mazungumzo, nikaanza kuosha vyombo ingawa haikuwa zamu yangu. Naye aliomba nakala moja ya simba wake ajibandikie. Alisema wake, na mimi nikampa.

Siku ya ufunguzi nilimwalika. Aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge cha kijani chenye ndege na kilemba chake, Faida akasukwa nywele. Nilijivuna kuingia nao kati ya watu waliovaa nyeusi. Karatasi yetu ilikuwa peke yake kwenye ukuta wa mbele, imewekwa ubavu, na taa ndogo juu yake. Birgitta akasimama mbele ya watu waliokuwa na vinywaji mikononi. Akasimulia kwa Kiswidi, kwa ile sauti yake ya chini, jinsi alivyofanya kazi na mchoro ule kwa miaka mingi akihisi kuna kitu hakikai sawa, mpaka mchana mmoja wa majira ya baridi, akiwa peke yake chumbani, mkono wake ulipoigeuza karatasi karibu bila yeye kukusudia. Watu wakapumua kwa pamoja. Akaeleza tumbo. Akaeleza kiungo cha mkono, na ulimi. Hata lile neno langu la kitambaa kilichoanikwa alilitumia, lile ambalo halikuwa langu. Nilifungua kitabu cha maonyesho nilichokuwa nimekishika. Insha yake ilikuwa ya kwanza. Mwishoni kulikuwa na shukrani kwa wenzake wa Ufaransa na kwa wanafunzi wake kwa maswali yao ya kuchangamsha. Nililitafuta jina langu mara tatu, kama mtu anayepapasa mfuko uliochanwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na mimi nilikuwa nimeifunga nguo ile kwa mikono yangu miwili. Nataka kusema waziwazi kwamba Birgitta sijamsamehe. Baadaye nilimfuata ofisini, akanieleza kwa upole kwamba mawazo huzaliwa katika mazungumzo na si rahisi kusema lipi ni la nani, na kwamba kama ningekuwa nimeliandika mahali ingekuwa jambo jingine. Aliyeniambia nisiliandike ni yeye. Kazi ya msaidizi alipewa msichana kutoka Uppsala. Haya yote yalikuwa bado mbele yangu jioni ile ya ufunguzi, lakini nilikwisha kuyajua nikiwa nimesimama pale. Mama Faida, ambaye Kiswidi chake kilikuwa cha kufulia na cha dukani, alinivuta mkono.

"Anasema nini?"

"Anasema ni yeye aliyeona kwamba simba amekufa."

Akamtazama Birgitta, kisha akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayekunja shuka na kukuta pembe hazilingani. "Na wewe," akasema, "ulimuambia ni nani njo aliona?"

Nilijifanya nasoma maandishi ya ukutani. Aliningoja kidogo, kisha akamshika Faida mkono wakaenda kuangalia picha nyingine.

Jumamosi iliyofuata alialika wanawake wawili wa kwao, mmoja wao Mama Riziki, aliyekaa jengo la jirani. Nilikuwa nimejifungia chumbani siku nzima nikiandika barua ya malalamiko kwa chuo, na kupitia ukuta niliwasikia wakiongea Kibembe, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, jambo ambalo halikuwa kawaida jikoni mwake. Nikaitwa kula. Wote walikuwa na sombe na samaki. Mahali pangu palikuwa na sahani moja kubwa yenye ini la kondoo, zima, limekaangwa kwa vitunguu. "Kula, mutoto wangu," akasema Mama Faida. "Ni ya aliyeona kwanza." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Faida alinipigia makofi. Mama Riziki na mwenzake waliinamisha vichwa, wakatazama sahani zao, na hawakuviinua mpaka nilipomaliza. Nililila lote. Lilichukua muda mrefu, na hakuna aliyezungumza isipokuwa Faida, aliyetaka kujua kama ni tamu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: methali hiyo niliiandikia insha nikiwa darasa la sita na nikapata alama nzuri. Lakini sitadai kwamba niliielewa Jumamosi ile. Nilichohisi ni kwamba nimesalitiwa mara mbili katika wiki moja, kwanza na yule wa makumbusho, kisha na huyu niliyekula naye, aliyechagua siku yangu mbaya kuliko zote kunifedhehesha mbele ya majirani. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa Birgitta. Wiki mbili baadaye nilihamia Sundbyberg, kwa Mkenya mwenzangu, na malalamiko yangu kwa chuo hayakufika popote kwa kuwa sikuwa na karatasi ya kuyathibitisha. Katika barua ile ya kurasa nne nilieleza kinagaubaga jinsi mimi, peke yangu, nilivyougeuza mchoro. Baada ya hapo nilipata kibali kwa njia nyingine, nikaolewa, nikawa mwalimu wa Kiswahili kwa watoto wa shule. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia watu kisa cha Birgitta, na nilikisimulia vizuri, watu walikasirika kwa niaba yangu. Mama Faida hakuwemo katika kisa hicho.

Mara tatu nilizomtembelea, alinipokea vizuri. Aliniuliza watoto, aliniuliza mume, alinichokoza kuhusu ugali. Sikuingia jikoni, tulikaa sebuleni, kwa hiyo sikujua kwamba simba wake alikuwa bado ukutani, amelazwa ubavu. Wala sikujua kwamba kila mgeni aliyeuliza aliambiwa kwamba Mghoi ndiye aliyeona. Mpaka leo sijui alisema hivyo kwa kunihurumia, au kama aliendelea kunipakulia ini miaka kumi na saba, akingoja nishibe.

Pale ukumbini sahani zilikuwa zimeanza kukusanywa. Faida alinipungia mkono, kisha akawaomba watu wanyamaze, akanitambulisha kwa Kiswahili chake cha kujikwaa kama msomi aliyeishi nao, aliyegundua siri ya mchoro maarufu. Watu wakageuka. Meza ya tatu, akiwa na shali nyeusi na fimbo yake imeegemea kiti, alikuwa Mama Riziki. Kila mtu alikuwa ananitazama isipokuwa yeye. Alikuwa ameinamia sahani yake ambayo ilikuwa tupu.

Nikasimama na fotokopi. Niliinua karatasi ubavu, kama alivyoigeuza yeye kwa vidole viwili. Nikasema: "Aliyeona kwamba huyu simba amekufa ni Mama Faida. Alikuwa anachambua sombe. Mimi niliwaambia watu kwamba ni mimi, halafu mtu mwingine akaniibia. Ini nililopewa lilikuwa lake."

Faida alibaki na mkono mdomoni. Watoto waliuliza kitu kwa Kiswidi wakanyamazishwa. Na Mama Riziki, ambaye hakuwa ameniangalia usoni tangu Jumamosi ile ya Tensta, aliinua macho kutoka kwenye sahani akanitazama.